Nozeli kubwa kwenye Fuso: nguvu ya nani, gharama ya nani?

VIJANA wanaopenda magari ya mbio wanaifahamu vizuri Toyota Supra iliyotengenezwa kati ya mwaka 1993 na 2002. Injini yake ya silinda sita, iitwayo 2JZ-GTE, ilitoka kiwandani ikiwa na nozeli za petroli za aina mbili. Gari la soko la Japani lilifungwa nozeli zenye uwezo wa kumwaga sentimita za ujazo 440 kwa dakika kila moja, na lile la Marekani na Ulaya likafungwa za 550. Mwenye gari asiyeridhika na nguvu ya kiwandani huziondoa hizo na kufunga kubwa zaidi, za 800 au hata 1,000.

Jambo hili lingebaki kuwa starehe ya watu wenye fedha za kuchezea kama lisingeteremka hadi kwenye malori yanayobeba viazi, vitunguu na mahindi. Leo si jambo geni kukuta mwenye Fuso ameshauriwa na fundi abadilishe midomo ya nozeli aweke yenye matundu makubwa, au aifungulie pampu ya dizeli kidogo, "gari lipate nguvu ya mlima". Kazi huchukua nusu siku, malipo si makubwa, na dereva akilijaribu gari jioni hiyo hiyo hurudi akitabasamu.

Swali ambalo halijadiliwi ni nani hasa anayelipia nguvu hiyo. Ukifuatilia hesabu kutoka gereji hadi shambani, jibu halimfurahishi mkulima.

Kwanza ni vizuri kueleza kile ambacho watu wa magari ya mbio wanakijua na wengi wa gereji za malori wanakiacha. Nozeli haileti nguvu. Kinacholeta nguvu ni hewa, na nozeli huifuata hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Nozeli sita za 440 zikiwa wazi muda wote humwaga lita 2.64 kwa dakika. Za 1,000 humwaga lita 6. Injini ambayo haijaongezewa hewa haina la kufanya na hizo lita nyingine zaidi ya kuzitoa kwenye ekzosi, au kuziacha ziteremke ukutani mwa silinda na kuharibu oili.

Ndiyo maana fundi makini wa Supra hufunga nozeli kubwa karibu mwishoni. Huanza na turbo kubwa ya kusukuma hewa, kisha pampu ya mafuta yenye uwezo wa kulisha nozeli hizo, halafu huielekeza kompyuta ya gari upya. Kompyuta ya zamani inaamini nozeli bado ni ndogo, hivyo huifungua kwa muda ule ule na kumwaga mafuta zaidi ya mara mbili. Pia hachagui nozeli ya kutosha tu. Huacha nafasi, ili hata injini ikikazwa kabisa nozeli iwe wazi kwa asilimia 80 hadi 85 ya muda wake, isipitilize. Ni hesabu ndefu na ya gharama, na anayeifanya anajua kuwa gari lake litakunywa petroli zaidi. Kwake hilo si tatizo, kwani hasafirishi nyanya.

Kwenye dizeli mambo ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayowadanganya watu. Injini ya dizeli haina mlango wa kuizuia hewa kama ya petroli. Muda wote huvuta hewa yote inayoiweza, na nguvu yake hupimwa kwa kiasi cha dizeli kinachoingizwa. Kiwanda huacha hewa ya ziada makusudi, ili dizeli yote iungue na injini isipate joto la kupita kiasi. Fundi anapoongeza dizeli bila kuongeza hewa, anakula ile akiba. Gari linapata nguvu kweli, na hapa wanaosema kuwa mafundi ni waongo wanakosea. Lakini akiba hiyo ni ndogo. Ikishaisha, kila tone linaloongezwa hutoka likiwa moshi mweusi, na joto la ekzosi hupanda hadi vichwa vya pistoni vinaanza kupasuka. Skrubu ya kuzuia kiwango cha juu cha dizeli kwenye pampu nyingi za zamani hufungwa na kiwanda kwa lakiri. Lakiri hiyo haikuwekwa kwa urembo.

Sasa ichukuliwe hesabu ya safari moja. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 820. Fuso la ekseli mbili linalokwenda kilomita 4 kwa lita litatumia lita 205. Likishafunguliwa pampu na kushuka hadi kilomita 3.4 kwa lita, litatumia lita 241. Hiyo ni tofauti ya lita 36. Kwa bei ya mfano ya Sh 2,800 kwa lita, ni Sh 100,800 kwa safari ya kwenda tu. Mwenye gari anayekwenda na kurudi mara nne kwa mwezi atakuwa amechoma lita 288 za ziada, sawa na Sh 806,400. Takwimu za gari moja na jingine zitatofautiana, lakini yeyote mwenye daftari la mafuta anaweza kuweka za kwake na kupata jibu la aina hiyo hiyo.

Fedha hiyo ingekuwa na maana kama ingenunua kitu. Kitu cha kwanza ambacho ingeweza kununua ni mzigo mkubwa zaidi. Hapo sheria imeshaweka mpaka. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye matairi mapacha. Fuso la ekseli mbili kwa hiyo haliruhusiwi kuzidi tani 18 pamoja na uzito wake lenyewe. Likiwa na uzito wa tani 7 tupu, mzigo halali ni tani 11. Mizani ya Wenda, Mikumi na Vigwaza haiulizi injini ina nguvu ya farasi wangapi. Gari lenye nozeli za kiwandani na lile lenye nozeli kubwa yote yatapimwa kwa tani hizo hizo, na injini ambayo kiwanda kiliifunga kwenye gari la ukubwa huo ilikusudiwa kuzivuta.

Kitu cha pili ni mwendo. Magari makubwa nchini yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo kinachobaki ni mlima tu.

Madereva wakiulizwa kuhusu mlima hutaja Kitonga, na ni kweli kwamba Kitonga ni mtihani. Lakini lori la viazi linalotoka Mbeya, Njombe au Iringa kwenda Dar es Salaam linashuka Kitonga, halipandi. Kinachohitajika hapo ni breki nzuri na dereva mwenye subira. Gari hupanda Kitonga likirudi, mara nyingi na bidhaa za madukani, saruji au mbolea, na wakati mwingine likiwa nusu tupu. Kwa maneno mengine, mkulima wa Njombe anachangia gharama ya nguvu ambayo gari lake la mazao haliihitaji pale panaposemwa kuwa inahitajika.

Haimaanishi kuwa muda hauna thamani. Mfanyabiashara wa nyanya kutoka Ilula anayefika sokoni baada ya wanunuzi wa alfajiri kuondoka hupoteza zaidi ya Sh 100,800. Mwenye gari la nyanya anaweza kuwa na hoja, iwapo saa moja atakayookoa mlimani kweli ndiyo itakayomfikisha kabla ya soko. Kwa viazi, mahindi na mpunga hoja hiyo haipo. Gunia la mahindi halijali kama limefika saa tisa usiku au saa kumi.

Kwa nini basi wenye malori wanaendelea? Sababu kubwa haiko kwenye injini bali kwenye gunia. Nauli ya mazao katika njia nyingi hutozwa kwa gunia, si kwa kilo. Mchuuzi anayelipa kwa gunia ana kila sababu ya kulijaza lumbesa, kwa kuwa kilo za juu ya shingo ya gunia husafiri bure. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umelisema hilo kwa miaka mingi. Hata hivyo lumbesa ipo. Magunia 110 ya kilo 100 ni tani 11, mzigo halali kabisa wa Fuso la mfano wetu. Magunia 110 yale yale yakiwa ya kilo 130 ni tani 14.3. Dereva hesabu yake ni magunia 110 na nauli yake ni ya magunia 110, lakini injini inavuta tani 3.3 ambazo hakuna aliyezilipia.

Gari likianza kuishiwa nguvu kwenye barabara za vijijini ambako hakuna mizani, mwenye gari hamlaumu mchuuzi. Humwendea fundi. Fundi hafahamu lumbesa, anafahamu nozeli. Na matokeo yake mkulima analipa mara mbili: kwanza anatoa kilo 30 za bure kwa kila gunia, kisha dizeli ya kuzivuta kilo hizo inaingizwa kwenye nauli ya msimu unaofuata. Katika mfano uliotangulia, Sh 100,800 zikigawanywa kwa magunia 110 ni Sh 916 kwa kila gunia. Mchuuzi hatazitoa mfukoni mwake. Atazipunguza kwenye bei anayompa mkulima shambani, ambaye ndiye wa mwisho kwenye mnyororo na hana wa kumsukumia.

Upo upande mwingine wa suala hili ambao wenye malori wana haki ya kuulalamikia. Nguvu nyingi zinazodaiwa "kupungua" hazikupungua kwa sababu nozeli ni ndogo. Zilipungua kwa sababu nozeli zimechakaa, na zimechakaa kwa sababu ya mafuta.

Wasomaji watakumbuka hali ilivyokuwa katika mwaka wa fedha 2010/11. Ushuru wa bidhaa kwa lita ya dizeli ulikuwa Sh 314 na kwa mafuta ya taa Sh 52. Aliyechanganya lita 2,000 za mafuta ya taa kwenye tangi la dizeli aliokoa Sh 524,000 za ushuru kwa dakika chache za kazi. Neno uchakachuaji likawa la kila siku hadi likahamia kwenye siasa. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa hadi Sh 400.30 na kuushusha wa dizeli hadi Sh 215. Kenya ilifuata njia ya aina hiyo mwaka 2018 kwa kuweka tozo ya Sh 18 za Kenya kwa kila lita ya mafuta ya taa. Kodi hiyo iliwaumiza wanakijiji waliowasha vibatari na koroboi, na haikuwa haki wao kulipia ujanja wa wenye vituo. Lakini iliondoa faida ya kuchanganya, jambo ambalo ukaguzi peke yake ulikuwa umeshindwa.

Uharibifu wa uchakachuaji ulikuwa wa kimyakimya. Dizeli haiungui tu, pia hulainisha pampu na sindano ya ndani ya nozeli. Mafuta ya taa ni mepesi na hayana ulainishaji huo. Walioumia zaidi walikuwa wenye matrekta. Pampu ya kuzunguka aina ya CAV iliyofungwa kwenye Massey Ferguson nyingi za zamani hulainishwa na dizeli peke yake, haipati oili ya injini hata tone. Trekta lililolima msimu mmoja kwa mafuta yaliyochanganywa liliingia msimu wa pili likitoa moshi na kukataa kuwaka likiwa la moto, na mwenyewe akaambiwa injini imezeeka.

Leo adui mkubwa ni maji na vumbi. Mkulima mwenye pampu ya umwagiliaji au mashine ya kusaga mbali na barabara hununua dizeli kwa dumu, huihifadhi kwenye pipa, huimimina kwa faneli isiyo na kitambaa. Nafasi kati ya sindano ya nozeli na nyumba yake ni mikroni 2 hadi 4 tu, wakati unywele wa binadamu una upana wa mikroni 70 hivi. Punje ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuchuna njia hiyo. Nozeli iliyochunwa hainyunyizi tena ukungu bali hudondosha matone. Matone hayaungui yote, moshi unaongezeka, nguvu inapungua, na mwenye mashine anashawishiwa kununua nozeli kubwa wakati alichohitaji ni nozeli ile ile ikiwa mpya, pamoja na chujio la dizeli.

Kwa nozeli za kizamani ukweli huu unaweza kuonekana kwa macho. Fundi wa pampu mwenye kifaa cha kupimia kwa mkono huifunga nozeli, hupampu, na mita humwonyesha inafunguka kwa shinikizo gani. Nyingi za malori na matrekta ya zamani hufunguka kwenye bar 200 hivi, na kila gari lina kiwango chake kwenye kitabu. Nozeli nzima hutoa mlio mkali na ukungu sawasawa kutoka kila tundu, kisha mdomo wake hubaki mkavu. Iliyochoka hukojoa. Shinikizo likiwa limeshuka hurekebishwa kwa washa nyembamba ndani yake, na mara nyingi ni mdomo tu unaobadilishwa, si nozeli nzima. Mwenye gari aombe kusimama hapo na kutazama. Fundi anayependekeza nozeli kubwa kabla ya kuzipima zilizopo anauza dawa bila kupima homa.

Suala hili linazidi kuwa zito kwa sababu magari yenyewe yanabadilika. Mfumo wa komoni reli ulifungwa kwa mara ya kwanza kwenye lori la Hino nchini Japani mwaka 1995, ukaenea katika malori na magari madogo ya dizeli miaka iliyofuata. Magari hayo sasa yamefika kwa wingi katika soko la mitumba. Humo shinikizo si bar 200 tena bali 1,600 hadi 2,000 na zaidi, nozeli inafunguliwa kwa umeme, na nyingi zina namba yake ya marekebisho ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta inapofungwa. Hakuna skrubu ya kufungulia. Anayetaka kuongeza nguvu atachezea kompyuta, au atafunga kisanduku cha kuidanganya ili shinikizo lipande, na nozeli moja ikiharibika gharama yake haifanani kabisa na ile ya mdomo wa nozeli ya zamani. Kosa lililokuwa linameza faida ya wiki linaweza kumeza faida ya msimu.

Habari njema kwa mifumo hii ni kwamba dizeli inayoingizwa nchini kihalali ni bora kuliko ya zamani. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya zilihamia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Lakini kuondoa salfa hupunguza ulainishaji wa asili wa dizeli, na viwanda hurudisha kwa kuweka viambato maalumu. Dizeli ikichezewa njiani ulainishaji huo hupotea, na komoni reli haina uvumilivu wa Fuso la mwaka 1990.

Kwa mkulima anayekodi gari, kilicho ndani ya uwezo wake ni namna ya kulipa. Vikundi na vyama vya ushirika vyenye mizani vinaweza kukubaliana nauli kwa kilo au kwa tani badala ya gunia. Siku nauli itakapotozwa kwa kilo, lumbesa itaanza kumgharimu yule anayeijaza, na mwenye lori hatakuwa na tani za bure za kuvuta. Wenye malori wenyewe wangepaswa kuwa wa kwanza kulidai hilo, lakini wengi wanaogopa kukimbiwa na wachuuzi kwenda kwa jirani.

Kwa anayenunua Fuso au trekta lililotumika, dakika kumi za kuangalia zinatosha kumwokolea fedha nyingi. Aangalie kama lakiri ya pampu ipo au imekatwa. Atake injini iwashwe ikiwa baridi, kisha ikishapata moto ikanyagwe ghafla. Moshi mweusi wa sekunde moja au mbili si ajabu kwa gari la zamani. Usioisha ni dalili ya pampu iliyofunguliwa, nozeli zilizochoka au chujio la hewa lililoziba. La mwisho hili ndilo rahisi kuliko yote, na ni ajabu namna linavyosahaulika. Injini iliyozibwa pumzi kwa vumbi la barabara ya Makete hutoa moshi ule ule wa nozeli kubwa, na dawa yake ni chujio jipya la hewa.